Hakijengwi Kitu Mtaa wa Juniper

"Msaliti asimame tumwone!"

Hayo ndiyo yaliyomtoka Bi Winifred Dahlquist wiki iliyopita, kipaza sauti mkononi, katika ukumbi wa halmashauri ya mji wa Calderwood, ng'ambo ya ghuba kutoka San Francisco. Kama gazeti lako lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usihofu. Mambo ni haya: kuna mjenzi ameomba kibali cha kujenga ghorofa nne za nyumba za kupanga katika Mtaa wa Juniper, mtaa ambao haujaota jengo jipya tangu Bi Winifred awe mwenyekiti wa Umoja wa Wakazi. Jirani mmoja amemuuzia mjenzi huyo nyumba na kiwanja chake kwa siri. Jina lake halijatajwa. Bi Winifred alitaka litajwe papo hapo.

Mtu akasimama.

Kwanza ilitokeza fimbo. Halafu mkono ulioishika. Halafu kofia ya sufu ya zambarau, ambayo Bi Winifred mwenyewe aliifuma Krismasi moja akaitoa zawadi.

"Si umesema nisimame?" akasema Bi Dolores Ybarra. "Basi ningoje. Magoti yangu hayapokei amri."

Ukumbi mzima uliguna.

Dolores! Jirani wa ubavuni kabisa. Shoga yake tangu wote wawili hawajaota mvi. Waume zao, kabla ya kufa, walikata lango dogo katika uzio ili hawa wawili wasizunguke barabarani kila asubuhi kufuatana kwa kahawa.

"Wewe?" akauliza Bi Winifred.

"Mimi."

"Dolores, tulikuwa pamoja tulipoizuia kliniki!"

"Tulikuwa pamoja. Na tulipozuia maktaba isiongezwe ghorofa. Na kile kibanda cha kungojea basi, tulichosema kitaleta watu wasiojulikana." Watu wakacheka. "Tulizuia vizuri sana, Winnie. Tumezuia mpaka mimi mwenyewe sina pa kuhamia."

Meya Toomey aligonga nyundo, lakini kwa upole. Meya huyu ni mtu anayegonga nyundo kama anayebisha hodi kwa mkwewe.

"Bi Ybarra, sema ufupishe."

"Nitafupisha. Jiko langu liko chini, choo kiko juu. Kila siku naamua kimoja. Nimetafuta nyumba yenye lifti mji mzima huu, haipo. Kila ofisi inaniambia niende Fresno, ambako simjui mtu, na joto la huko linapika mtu akiwa hai. Huyu mjenzi ameniahidi nyumba ya chini katika jengo lake. Nitabaki mtaani kwangu. Ndiyo usaliti wangu huo. Nimemaliza."

Akakaa. Kukaa nako kulichukua muda.

Ungedhani watu wangelainika. Ndiyo, walilainika, kila mmoja akaanza kwa kusema jinsi anavyompenda Dolores. Halafu wakapanga foleni kwenye kipaza sauti cha kulia, cha wapinzani.

"Mimi naunga mkono nyumba," alisema bwana mmoja mwenye shamba la nyanya lenye ukubwa wa meza. "Naunga mkono nyumba kabisa. Tatizo langu ni hapa zinapojengwa."

"Mimi pia naunga mkono," alisema aliyefuata. "Ila zianze kujengwa kwingine, tuone."

Muuguzi mmoja wa hospitali ya mji alikwenda kipaza sauti cha kushoto, cha wanaounga mkono. Alisema anaishi mbali kiasi kwamba wagonjwa wake humaliza usingizi yeye akiwa bado barabarani. Mama aliyemfuata akamwambia kwa huruma kwamba vijana wa siku hizi wanatakiwa wajifunze subira. Mama huyo, bustanini kwake, ana bango dogo lenye maua: "Hapa Kila Mtu Anakaribishwa." Mtaa wa Juniper umejaa mabango hayo. Yamechomekwa nyasini sambamba na yale mengine: "Ghorofa Hapana."

Ndipo Bwana Prescott Yardley alipoinuka.

Prescott ni wakili mstaafu, makamu mwenyekiti wa Umoja, mtu wa tai ya kipepeo hata siku za joto. Yeye hapandishi sauti. Anaishusha, ili watu wainame kumsikiliza.

"Mheshimiwa Meya, mjadala huu wote ni wa bure. Nyumba ya Bi Ybarra haibomoleki. Ni nyumba ya urithi."

"Urithi wa nani?" akauliza Dolores.

"Wetu sote, mama."

"Basi njooni sote mzibe paa. Linavuja."

Vicheko. Prescott hakutikisika. Akaikumbusha halmashauri kanuni za mji: mkazi yeyote anaweza kupendekeza nyumba yoyote iwe ya urithi, mwenye nyumba atake asitake. Na ikishakuwa ya urithi, haibomolewi, haibadilishwi, na jirani yake haruhusiwi kujenga kitu kinachoizidi kimo.

Meya alimtazama Bi Winifred kama anayeomba ruhusa ya kupumua. Kisha akatangaza kwamba mtaalamu wa majengo ya kale atakwenda kuikagua nyumba hiyo, na kura itapigwa akishaleta ripoti.

Wanachama wa Umoja walipiga makofi. Bi Winifred naye alipiga. Hakugeuka kumtazama Dolores.

*

Asubuhi iliyofuata, kwa mazoea, Bi Winifred alichukua vikombe viwili vya kahawa akaenda kwenye lango la uzio. Akalisukuma kwa kiuno. Halikufunguka.

"Dolores! Umefunga lango?"

"Hii ni nyumba ya urithi," sauti ikajibu kutoka upande wa pili. "Wageni wanaingia kwa miadi."

"Acha utoto. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeitisha mkutano."

Bi Winifred angeitisha kweli, na ajenda angeiandaa siku hiyo hiyo.

"Ungehamia kwangu," akasema.

"Kwako kuna ngazi nyingi kuliko kwangu. Unataka niishi sebuleni kama piano?"

"Lile jengo litaniziba jua, Dolores."

"Nitakuwa humo ndani. Nitafungua dirisha nikupungie mkono."

"Sitaki kupungiwa mkono na ghorofa!"

Zikasikika hatua za fimbo zikirudi ndani taratibu, na mlango ukafungwa. Bi Winifred akabaki na vikombe viwili. Alikunywa kimoja, akamimina kingine kwenye maua, kisha akaona aibu kwa sababu isiyoeleweka, maana hakuna aliyemwona.

*

Jumapili alikuja mwanawe, Anders, na mkewe na binti zao wawili.

Anders ni mwalimu wa hesabu katika shule ya Calderwood. Calderwood inampenda sana. Imempa cheti cha mwalimu bora. Kitu ambacho haijampa ni nyumba, hivyo anaishi nyuma ya milima, Stockton, na huondoka kwake kabla hakujakucha ili awahi kengele ya kwanza.

Walikula kuku wa kuoka. Watoto walipotoka kwenda kucheza uani, Anders akaweka uma chini.

"Mama, mwenye nyumba wetu anauza. Anataka tutoke."

"Tafuteni nyingine."

"Tumetafuta. Mke wangu amepata kazi Boise. Shule zikifungwa tunahama."

"Boise ipi?"

"Boise, Idaho, mama. Ni moja tu."

"Idaho!" Bi Winifred alilitamka jina hilo kama mtu aliyeambiwa mwanawe anahamia mwezini. "Huko nitawaona lini?"

"Siku ya Shukrani, mara moja kwa mwaka. Kama theluji haitafunga barabara."

Mke wa Anders akainamia sahani. Ilikuwa wazi kwamba walikwisha kugombana juu ya sentensi inayofuata kabla hawajashuka garini.

"Kuna njia moja," Anders akasema. "Nyumba ndogo huko uani kwako. Tutagharamia wenyewe. Sheria ya jimbo siku hizi inaruhusu."

"Najua inaruhusu. Nilikwenda bungeni Sacramento kuipinga."

"Najua ulikwenda. Nilikuona kwenye televisheni, ulikuwa unapuliza filimbi."

"Nilikuwa napinga watu wanaotaka kuharibu mitaa ya wenzao, Anders. Nyinyi ni familia."

"Kila mtu ni familia ya mtu, mama."

Bi Winifred angejibu. Jibu alikuwa nalo, maana amejibu hoja kama hiyo mara nyingi mno. Lakini dirishani alimwona mjukuu wake mkubwa, Tilda, amelala chali kwenye nyasi, mikono ameibana ubavuni. Akamwita.

"Unafanya nini huko chini, kipenzi?"

"Najaribu kitanda changu, bibi. Baba amesema huenda kikawa hapa."

Basi, ndivyo mwanamke aliyeishinda kliniki na maktaba na kibanda cha basi alivyoshindwa na mtoto aliyelala nyasini.

"Haitakuwa ghorofa?" akamuuliza Anders.

"Haitakuwa ghorofa."

"Na majirani hawatajua mpaka iishe?"

"Mama, nyumba haifunikwi shuka."

Jumatatu alikwenda ofisi ya vibali, kavaa miwani ya jua na kitambaa kichwani, na ilikuwa siku ya mawingu. Binti wa mapokezi alimtambua kabla hajaufikia mlango.

"Bi Winifred! Leo umekuja kupinga nini?"

"Nimekuja kuomba."

"Kuomba nini?"

"Kibali."

Binti aliweka kalamu chini. "Cha kujenga?"

"Punguza sauti, mwanangu," akasema Bi Winifred. "Ukuta huu ni mwembamba. Nani aliyejenga ofisi hii?"

*

Mtaalamu wa majengo ya kale alifika katikati ya wiki. Aliitwa Dakta Philippa Nakashima, mwanamke kijana, mwenye tochi ya mfukoni na macho yanayotazama dari kwanza ndipo yamtazame mtu.

Bi Winifred alimfuatilia kwa nyuma ya pazia. Alimwona akiingia kwa Dolores. Akamwona akitoka. Alitoka upesi mno, hata Bi Winifred akapata wasiwasi.

Akatoka barazani kwake, sahani ya keki ya ndimu mkononi.

"Dakta! Hutaondoka mtaa huu bila kuonja kitu."

Dakta aliingia. Alipofika sebuleni alisimama, akainua uso juu, kisha akaketi bila kuigusa keki.

"Kwa jirani yangu umeonaje?" Bi Winifred akauliza, akijifanya hajali.

"Hayo nitayasema mbele ya halmashauri, mama. Hizi mbao ni zile zile za mwanzo?"

Hapo, msomaji wangu, ungekuwepo ungemziba Bi Winifred mdomo kwa keki yake mwenyewe. Lakini hukuwepo, wala mimi sikuwepo, na mama huyu hajawahi kuulizwa habari za nyumba yake akajibu kwa neno moja.

"Za mwanzo! Hakuna msumari uliobadilishwa. Nyumba hii aliijenga fundi wa meli aliyechoka na bahari. Angalia madirisha yale, yamepinda kama tumbo la meli. Hakuna mengine kama hayo pwani nzima."

"Na nani wengine waliishi hapa?"

"Daktari wa kwanza mwanamke wa Calderwood. Wagonjwa aliwatibu sebuleni humu humu, pale ulipokaa."

Dakta akainuka kwenye kiti kama kimemchoma. "Una hakika?"

"Hakika? Njoo nikuonyeshe kabati lake la dawa. Bado linanuka karafuu."

Dakta alipiga picha kabati. Akapiga ngazi, akapiga dari, akaomba kipande cha pili cha keki. Mwisho akamwomba Bi Winifred asimame kando ya meko, naye akasimama, akatengeneza nywele, akatabasamu.

*

Siku ya kura ukumbi ulifurika.

Dolores alikaa mstari wa mbele. Anders na familia yake walikaa nyuma kabisa, Tilda amejilaza kwenye bega la mama yake. Bi Winifred alikaa pale anapokaa siku zote, mkono wa kuume wa Prescott. Hakuwa amemwambia Prescott lolote juu ya kibali. Alikuwa anangoja wakati mzuri, na wakati mzuri ulikuwa umekataa kufika.

Dakta Nakashima akasimama.

"Nyumba ya Bi Ybarra ni nyumba ya kawaida. Madirisha ni ya bati, sakafu ni ya plastiki, paa limebadilishwa na fundi ambaye nadhani alikuwa na haraka. Haina thamani ya urithi. Samahani, mama."

"Usiombe radhi, binti yangu," Dolores akajibu. "Hujasema ambalo silijui."

Upande wa kushoto ulilipuka kwa shangwe. Prescott alianza kuikunja miwani yake.

"Hata hivyo," akaendelea Dakta, "ni wajibu wangu kusema na hili. Nyumba inayofuata, upande wa kaskazini, ni johari. Katika kazi yangu yote sijaona nyumba iliyohifadhiwa namna ile. Mwenyewe alikuwa mkarimu sana, alinionyesha kila kitu."

Prescott akaikunjua miwani.

Akili yake iliwahi kuliko za wote. Alikuwa amesimama kabla ya watu kumaliza kugeuka kumtazama mwenye johari.

"Mheshimiwa Meya! Napendekeza nyumba ya Bi Winifred Dahlquist iwe nyumba ya urithi leo hii. Na kwa kuwa kiwanja cha Bi Ybarra kimepakana nayo, ghorofa nne hazijengeki. Kwa kanuni zetu wenyewe."

Sasa shangwe ikahamia kulia. Watu walimkumbatia Bi Winifred. Bwana wa nyanya alimbusu mkono. "Umetuokoa, mwenyekiti! Na nyumba yako mwenyewe!"

Nisimsingizie: kwa muda mfupi alifurahi. Johari! Mbele ya watu wote! Ndipo akamvuta Prescott mkono wa koti.

"Prescott. Nyumba ikiwa ya urithi, naweza kujenga kitu uani?"

"Huwezi kujenga hata banda la kuku," Prescott akamnong'oneza kwa furaha. "Ni kanuni safi sana. Si uliiandika wewe?"

Aliiandika yeye. Aliiandika kwenye meza ya jikoni kwake, Dolores akimsomea herufi kwa sauti, waume zao wakicheza karata sebuleni.

Akatazama nyuma. Anders alikuwa ameelewa. Hakuonyesha hasira. Alikuwa tu anamvisha Tilda koti polepole, kama watu wanaojiandaa kwa safari ndefu. Akatazama mbele. Dolores naye alikuwa anahangaika na vifungo vya koti lake, na vidole havikuwa vinapata matundu.

"Kuna anayepinga pendekezo hili?" akauliza Meya Toomey, nyundo tayari hewani.

Bi Winifred akainuka. Miguu yake, kwa mazoea, ikampeleka kwenye kipaza sauti cha kulia. Wanachama wakampisha kwa heshima. Alipofika, akasimama. Akageuka, akakata ukumbi mzima kwa miguu, mbele ya macho ya kila mtu, hadi kile cha kushoto. Kilikuwa kifupi kuliko alivyozoea, ikabidi ainame.

"Mnanijua," akaanza. "Naomba nyumba yangu isiwe ya urithi. Nataka kujenga uani."

Kelele zilizozuka hapo zilisikika hadi maegesho.

"Kujenga nini?" Prescott akapaza sauti, kwa mara ya kwanza katika historia yake.

"Nyumba. Ya mwanangu. Anawafundisha watoto wenu hesabu, na hesabu zake mwenyewe za kuishi hapa zimemkataa."

"Mnafiki!" mtu akapiga ukelele kutoka kulia.

"Ndiyo," akasema Bi Winifred. "Karani, andika hilo, ni kweli. Lakini mniache nimalize." Akashika kile kipaza sauti kwa mikono miwili. "Tangu Jumapili natafuta sababu ya kunifanya mwanangu astahili nyumba Mtaa wa Juniper na Dolores asistahili. Na mnajua sikosi sababu. Niliwahi kuizuia kliniki kwa sababu ya popo. Safari hii sikuipata hata moja. Basi jengeni lile ghorofa. Litaniziba jua, nami nitanung'unika mpaka nife, lakini jengeni."

Dolores alikuwa ameacha vifungo.

"Mwenyekiti, umechoka," akasema Prescott. "Njoo ukae."

"Sijachoka. Meya, piga kura kabla sijabadili mawazo."

Meya Toomey, ambaye kwa miaka mingi alimwogopa mwanamke huyu kuliko alivyowaogopa wapiga kura wote kwa jumla, alifanya haraka kama mtu aliyefunguliwa kamba. Pendekezo la urithi likaanguka. Kibali cha ghorofa kikafuata: madiwani wakagawanyika sawa kwa sawa, kura ya mwisho ikabaki kwa Meya. Akamtazama Bi Winifred. Bi Winifred akaitikia kwa kichwa. Mkono wa Meya ukapanda.

Kibali kikapita.

*

Kwenye korido, katikati ya watu waliokuwa wanakumbatiana na watu waliokuwa wanatukanana kwa adabu, wale majirani wawili walikutana.

"Umechelewa," akasema Dolores.

"Nimefika."

"Popo kwenye kliniki. Ile ilikuwa hoja yangu, si yako."

"Ilikuwa nzuri, ndiyo maana niliichukua."

Dolores akacheka hadi akalazimika kumshika mwenzake bega. Walibaki hivyo kitambo, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia. Anders alikuwa anakuja, Tilda amemtangulia mbio.

Kabla hawajafika, bwana mmoja mwenye koti la mvua akapenya katikati.

"Bi Winifred Dahlquist?"

"Ndiye mimi."

Akampa bahasha. "Umeshtakiwa, mama."

"Na nani?"

Bwana yule akaangalia nakala yake. Akakuna kichwa. Akaangalia tena.

"Na Bi Winifred Dahlquist."

"Huyo ni mimi!"

"Nami nimeshangaa, mama. Mimi natumwa tu."

Nyuma yake alitokea Prescott, anainyoosha tai yake ya kipepeo. Sauti ilikuwa imerudi chini, pale inapokaa siku zote.

"Winifred, mwaka juzi ulinipa idhini nimshtaki, kwa jina lako kama mwenyekiti, yeyote atakayeomba kibali cha kujenga Mtaa wa Juniper. 'Yeyote,' ulisema, 'usimwonee mtu haya.' Leo asubuhi nilikwenda ofisi ya vibali kumtafuta mmoja, nikawakuta wawili. Mjenzi wa Dolores. Na wewe. Nikapita mahakamani moja kwa moja, na humu ukumbini nikajifanya sijui, nione kama utasema mwenyewe. Mpaka kesi iishe, hakuna koleo litakaloingia ardhini, kwake wala kwako. Kesi za namna hii, unajua mwenyewe, huchukua miaka."

Anders alisimama palepale alipofika.

"Ifute," akasema Bi Winifred. "Mdai ni mimi. Nasema ifute."

"Anayeweza kuifuta ni mwenyekiti wa Umoja."

"Mwenyekiti ni mimi!"

"Ulikuwa wewe. Kanuni zetu zinasema mwenyekiti akiunga mkono ujenzi hadharani, kiti chake kiko wazi papo hapo. Makamu anakaimu." Akainama kidogo, kama mtu anayepokea maua. "Hiyo nayo uliiandika wewe."

Bi Winifred aliitazama bahasha. Akamtazama Tilda, ambaye alikuwa anauliza koleo ni nini. Halafu, polepole, uso wake ukaanza kufanya kile ambacho Calderwood imejifunza kukiogopa: ukaanza kutabasamu.

"Anakaimu mpaka uchaguzi," akasema. "Na uchaguzi unaitishwa mkazi yeyote akiuomba. Naomba uchaguzi, Prescott."

"Wewe huruhusiwi kugombea."

"Simo. Dolores anagombea."

"Mimi?" akasema Dolores.

"Ameuza nyumba!" akasema Prescott.

"Hajahama. Kanuni inasema mkazi, haisemi mwenye nyumba. Ile niliiandika kwa haraka."

Dolores alimpima Prescott kuanzia tai hadi viatu. Akaegemeza fimbo yake kwenye mkono, akavua ile kofia ya zambarau, akajitengeneza nywele.

"Nikishinda, kesi yako naifuta siku hiyo hiyo, Winnie. Hilo la kwanza. La pili sikuambii."

"La pili ni lipi? Dolores! Ni lipi?"

Lakini Dolores alikwisha kuwapa kisogo. Alikuwa amewaelekea wanachama wa Umoja, wale wa kulia, waliojazana mlangoni na nyuso zao za msibani.

"Jamani," akawaita, "niulize jambo moja tu, tena mnijibu kwa mikono, msione haya. Nani hapa ana nafasi kubwa uani, na mtoto au mjukuu aliyehama kwa kukosa nyumba?"

Watu wakatazama viatu. Bwana wa nyanya akatazama dari.

Kisha mkono mmoja ukanyooka katikati ya umati, taratibu, glavu nyeupe, saa ya dhahabu. Watu wakasogea kumpisha mwenye mkono aonekane.

Alikuwa Bi Eugenia Yardley, mke wa Prescott.